Karani wa Viraka

Kwa wiki nzima sikulala vizuri kwa sababu ya swali moja: je, Karani alikuwa na furaha kweli, au alikuwa mtu aliyekata tamaa kwa adabu?

Swali lilitokana na barua. Chama cha wakulima wa tumbaku huko Namtumbo kilikuwa kimenikubali kuwa karani wake. Si ofisa, si mratibu. Karani. Kuandika majina ya wakulima, kupokea mizigo msimu ukifika, kutunza mafaili. Nina shahada ya sosholojia, na kaka yangu aliposoma barua ile alicheka mpaka akakaa chini. "Miaka yote hiyo chuoni, halafu karani?" Mama hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Jibu lilitakiwa kabla ya Ijumaa jioni.

Mtu mwingine angesema ndiyo au hapana akaendelea na maisha. Mimi niliandika ujumbe wa kukubali, nikaufuta. Nikaandika wa kukataa, nikaufuta. Nikaandika wa kuomba siku chache za kufikiri, kisha nikaanza kufikiri kama kuomba siku za kufikiri ni dharau. Katika kuzunguka huko nikajikuta nikimwaza karani pekee niliyewahi kumjua kwa karibu, jirani yetu wa Majengo, Songea. Ukuta wa chumba chake na wa jiko letu ulikuwa mmoja. Ikiwa yule mzee aliishi na furaha, basi ukarani si msiba. Ikiwa alikuwa anajifariji tu, basi nami nilikuwa naitwa kwenda kujifariji Namtumbo. Hivyo nikaanza kukusanya ushahidi.

Alikuwa karani wa mahakama, na nilipopata akili alikuwa ameshastaafu, lakini hakuna aliyemwita kwa jina jingine. Wauza mchicha, mapadri, watoto wa mtaa, wote walimwita Karani. Tangu nikiwa shule ya msingi mpaka nilipomaliza chuo na kurudi nyumbani bila kazi, nilimkuta akifanya jambo lilelile. Amekaa kwenye kigoda mlangoni pake, miguuni pana gunia la mabaki ya vitambaa, miwani imeshuka puani, na mkononi ana sindano. Anashona mablanketi ya viraka.

Baridi ya Songea mwezi wa sita na wa saba si ya kuchezea. Blanketi la Karani lilikuwa na viraka vya vitenge juu, shuka kuukuu chini, na katikati sweta za mitumba zilizokwisha kazi yake. Ukijifunika, ulihisi mtu mzito amekuegemea bila kusema neno. Hakuyauza. Alimpa mjane mpya, mtoto mchanga, mlinzi wa duka, na mara moja dereva wa lori aliyekwama mtaani kwetu siku tatu kwa kuharibikiwa gari. Ukimuuliza kwa nini amempa mtu fulani na si fulani, alijibu, "Faili lake limefika mezani."

Mabaki aliyapata kwa mafundi cherehani. Kila Jumamosi asubuhi alipita kwenye baraza zao, na utani ulikuwa uleule.

"Karani, mahakama inakaa leo?"

"Inakaa. Leteni vielelezo."

"Mshtakiwa nani?"

"Wewe. Suruali yangu ya Pasaka uliishona mguu mmoja mfupi."

"Si suruali, Karani! Ni mguu wako!"

Nao wakacheka na kumjazia gunia. Kwetu hakuna shughuli bila sare. Sendoff ina kitenge chake, ubatizo una chake, kipaimara kina chake, arobaini ya marehemu ina chake. Kwa hiyo gunia la Karani lilikuwa na mji mzima ndani yake, naye aliusoma kama anavyosoma mafaili. Alikuwa akiinua kipande, anakipangusa kwenye goti, anasema: "Hii sendoff ya kule mtaa wa Msamala. Ndoa ilivunjika, kitambaa bado kizima."

Nilimuuliza siku moja kama anachagua rangi. Alisema hapana, anachagua kesi. Nilidhani ni mzaha mpaka aliponionyesha kona ya blanketi la mtoto mchanga wa mtaa wa nyuma. Kipande cha bluu chenye ndege kilitoka kwenye sare ya familia moja, na cha njano kilichoshonwa ubavuni pake kilitoka kwenye sare ya familia nyingine. Familia hizo ziligombania mpaka wa kiwanja mpaka wazee wao wote wawili wakafa bila kusalimiana. Yeye ndiye aliyeandika mwenendo wa shauri lile, ukurasa kwa ukurasa, kwa mkono wake. Sasa mtoto alikuwa anajikojolea juu ya familia zote mbili bila upendeleo.

"Wanajua?" nikauliza.

"Nani?"

"Hao wenye vitambaa."

"Aa, wakijua watakata rufaa."

Ushahidi huo niliuweka upande wa furaha.

Upande huohuo niliweka paka. Alikuwa nao watatu wa kudumu na wengine wa kupita. Dume la kijivu lenye sikio lililochanika liliitwa Hakimu. Jike jeupe lililolia mchana kutwa, hata likiwa limeshiba, liliitwa Mdai. Jingine la madoa, lililokuwa halijawahi kuonekana likitembea ila likikimbia na kitu mdomoni, liliitwa Mdaiwa. Kila aliyezaliwa baada ya hapo aliitwa Rufaa, awe mmoja au wawe watano. Aliwanunulia dagaa wa Nyasa, akawachagulia wale wadogo, vichwa akavitoa kwanza. Lakini ukisema "watoto wako hao," alikasirika kweli. "Mimi nina mtoto, yuko Tunduru. Hawa ni watumishi wenzangu."

Na walikuwa na kazi. Blanketi likikamilika, Karani alilitandika kwenye mkeka uani, akakaa pembeni, akakunja mikono. Hakimu alikuja kwa wakati wake. Alinusa ncha moja, akanusa nyingine, akazunguka mara tatu, kisha akalala au akaondoka. Akilala, blanketi limepita. Akiondoka, Karani alichukua wembe na kufumua pale paka alipogeuzia shingo. Niliwahi kumwona akifumua kazi ya wiki mbili kwa sababu ya mgongo wa paka, tena bila kununa, huku akipiga mluzi.

Mimi sikuvumilia. Nilikuwa nimesoma mbinu za utafiti, nikataka kujua Hakimu anaamua kwa vigezo gani. Je, ni joto? Ni harufu ya sabuni? Siku moja Karani alipokwenda kunawa mikono, nilichomeka dagaa watatu chini ya kona ya blanketi. Hakimu alikuja, akafunua kona kwa mguu, akala wote watatu, akajilamba, akaenda zake. Hakulala. Karani alirudi, akainama, akanusa.

"Binti," alisema, "umetoa rushwa mahakamani."

"Nilikuwa najaribu tu, Karani."

"Umeona sasa? Amekula na bado amekunyima. Huyo ndiye hakimu." Akacheka mpaka miwani ikaanguka. Blanketi lile alilifumua lote, akanifanya nifue kona yenye harufu.

Alikuwa na mambo yasiyopatana, na nadhani ndiyo yaliyonifanya nimchunguze kwa muda mrefu. Mtu aliyetoa mablanketi bure alikataa kabisa kuazima sindano. Wazee wengine hawaazimi sindano usiku. Yeye hakuazima hata saa sita mchana. "Chukua blanketi, sindano uniachie." Mtu aliyeweza kusubiri paka saa nzima hakuweza kusubiri foleni ya mashine ya kusaga, alirudi nyumbani na mahindi yake kichwani bila kuyasaga na kulala na njaa. Alijua siri za nusu ya mji na hakuwahi kusengenya, lakini alisikiliza masengenyo ya wengine kwa makini, na wakikosea tarehe aliwasahihisha.

Mwaka ule niliorudi kutoka chuo, nilipokuwa nikituma maombi ya kazi yasiyojibiwa, nilianza kukaa naye asubuhi. Nilikuwa naamka saa tatu, nanywa chai, navuka uani. Siku ya kwanza alinipa gunia nipange vitambaa. Nilivipanga kwa rangi. Halafu nikaona si sahihi, nikavipanga kwa ukubwa, kisha kwa aina ya kitambaa, mwisho nikatengeneza mafungu ishirini na kitu na kuyafunga kwa nyuzi. Nilijivunia. Karani aliyaangalia mafungu, akayafungua moja moja, akarudisha kila kitu guniani na kulitikisa.

"Umewatenga kama mahabusu. Watazungumza na nani?"

Alikuwa na sharti moja tu la kazi, na nilimsikia akilirudia mara nyingi: hakati kitambaa. "Hiki kimeshakatwa na fundi. Inatosha." Aliingiza mkono guniani, akatoa kipande, na kila mara kilionekana kupata mahali pake, pembe kwa pembe. Nilimtazama nikiwaza kwamba kuna watu ambao dunia inawatosha bila kupunguzwa wala kuongezwa, na kwamba mimi si mmoja wao.

Lakini nilikuwa na ushahidi wa upande wa pili, nao ndio ulioninyima usingizi. Mchana mmoja nilichungulia mlangoni pake na kumkuta amekaa, blanketi mapajani, Hakimu juu ya blanketi, na mikono imelegea. Hashoni. Anaangalia ukuta. Nilisimama pale muda mrefu, sijui niingie au nirudi. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri jina lake liitwe na anajua halitaitwa. Nikarudi nyumbani. Na mara nilipowahi kumuuliza kama aliipenda kazi ya mahakamani, alisema, "Ilikuwa kazi," akaniomba nimpitishie mkasi wa nyuzi, ingawa ulikuwa karibu naye kuliko mimi.

Halafu presha ya macho ikamwanza. Mishono yake ikaanza kupinda. Binti yake akaja kumchukua, wakaondoka na begi moja, kigoda chake, na Hakimu ndani ya kikapu kilichofungwa kwa kanga. Mdai alihamia jikoni kwetu na analia mpaka leo. Mdaiwa hatujui aliko, jambo ambalo Karani alisema ni la kawaida. Mimi aliniachia sindano moja, ikiwa imechomekwa kwenye blanketi ambalo halijaisha. Katikati palikuwa na tundu la ukubwa wa kiganja, lenye pembe sita zisizolingana. "Malizia," alisema, basi.

Nilikuwa sijamalizia. Kwa mwaka na zaidi nilipita kwa mafundi nikitafuta kipande chenye pembe sita zilezile, kwa sababu kitambaa hakikatwi. Nilichora tundu lile kwenye karatasi, nikawa natembea na karatasi kwenye pochi. Mafundi walishanizoea. "Dada wa ramani amekuja," walisema.

Alhamisi, siku moja kabla ya kujibu barua, nilikunja blanketi, nikapanda basi la asubuhi kwenda Tunduru. Mama nilimwambia naenda kumsalimu Karani. Ilikuwa kweli, ingawa si yote.

Nyumba ya binti yake iko nyuma ya duka la mnunuzi wa madini. Uani palikuwa na korosho zimeanikwa, na kivulini, kwenye kigoda kilekile, Karani, gunia la vitambaa miguuni. Alikuwa amepungua. Macho yalikuwa wazi, ila yaliangalia pembeni kidogo ya mahali nilipo.

"Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo, Karani."

"Milele, amina. Marahaba." Akainua kidole. "Usiseme. Dada wa rushwa!"

Mbele yake, kwenye kipande cha sponji, zilichomekwa sindano nyingi zenye nyuzi. Binti yake alinieleza kwamba kila asubuhi, kabla hajaenda sokoni, humtilia uzi sindano kumi na mbili, na zikiisha kabla hajarudi, mzee hukaa na kusubiri. Siku hiyo zilikuwa zimebaki mbili. "Vizuri umekuja," alisema mama yule, akajitwika beseni lake. "Leo hatanisonya."

Nikakaa chini nikaanza kutia uzi. Karani alishona kwa vidole, akipapasa pindo, akihesabu kimya. Mishono haikuwa minyoofu. Hakimu, amezeeka, alikuwa amelala juu ya sakafu tupu ya saruji.

Nilikuwa nimepanga maswali kwa mpangilio, kuanzia mepesi. Niliyaruka yote.

"Karani, ulipenda ukarani?"

"Niliuchukia," alisema, bila kuinua uso. "Nilitaka kuwa hakimu. Nikafanya mtihani, nikashindwa. Nikarudia, nikashindwa. Halafu nikaandika maneno ya watu wengine mpaka nikastaafu."

Uzi ulinikatikia mkononi. "Basi siku ile niliyokukuta unaangalia ukuta..." Nikamweleza siku yenyewe, mwanga, mikono ilivyolegea, uso. Nilikuwa nimeitunza siku ile miaka miwili.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Hakimu alikuwa mapajani?"

"Ndiyo."

"Basi nilikuwa natafuta sindano. Alikuwa ameikalia." Akacheka kwa sauti. "Lakini zipo siku nyingine, binti, ulipita mlangoni ukaniona mzima, kumbe nilikuwa vibaya. Usinifungulie jalada kwa siku moja."

Sikujua niandike jibu hilo upande gani. Nikachomoa blanketi kwenye mfuko, nikamwekea magotini. Alilitambua kabla sijasema. Vidole vilitembea juu yake kipande kwa kipande. "Sendoff ya Msamala," alinong'ona. "Kipaimara. Arobaini ya mwalimu." Kisha vikazama kwenye tundu.

"Na hapa?"

"Nilikosa kipande kinachotosha. Nimetafuta kila mahali. Wewe ulisema kitambaa hakikatwi."

"Hakikatwi."

"Ndiyo, kwa hiyo..."

"Umetafuta kipande chenye pembe hizi? Zote sita?" Nikamwambia habari ya karatasi ya ramani. Alifunika uso kwa kiganja, mabega yakatikisika. "Jamani mtoto huyu! Wembe uko wapi?"

Kabla sijamzuia alikuwa ameshaanza kufumua mishono yake mwenyewe, ile iliyonyooka, aliyoishona akiwa bado anaona. Nikamshika mkono. "Karani, hiyo ni yako!"

"Kwani ni sheria ya Bunge? Unafumua pembeni, unakisogeza hiki, unakipisha kile, tundu linafuata kitambaa."

"Lakini vyako vilikuwa vinatosha palepale! Nilikuwa naona."

"Nilikuwa nafumua alfajiri," alisema. "Wewe ulikuwa unaamka saa tatu."

Miaka yote ile nilikuwa nimeona nusu ya pili tu ya kila siku yake.

Tulitoa kipande chochote guniani, cha kijani chenye picha za miganda ya mpunga, sijui cha shughuli gani. Yeye alifumua, mimi nikashona, akinisahihisha kwa kupitisha kidole nyuma ya sindano yangu. Jua lilihama kutoka kwenye korosho mpaka ukutani. Nilipoinua kichwa niligundua kwamba sijaiwaza barua tangu mchana. Nilistuka, kama mtu aliyesahau mtoto sokoni, kisha nikaendelea kushona.

Tulipomaliza nililitandika blanketi uani na kumwita Hakimu. Alifumbua jicho moja, akalifumba.

"Haji," nikasema.

"Huku joto. Tangu tuje halali juu ya nguo. Amestaafu."

"Sasa nani ataamua?"

"Nitilie uzi," alisema Karani.

Nikamtilia sindano kumi na mbili, nikaongeza nyingine tano. Nililala kwao, na Ijumaa asubuhi aliniaga akiwa ameshaanza kazi, nje bado giza kidogo. Akanirudishia blanketi. "Faili lako limefika mezani," alisema, na alipogundua nimebaki nimesimama, akaongeza, "Nenda, basi litakuacha."

Nilikuwa na tiketi ya mpaka Songea. Basi lilipoanza kupita mashamba ya Namtumbo nilitoa simu, nikaandika ujumbe wa kukubali, nikausoma, nikaona neno moja halijakaa sawa. Nikarudisha simu kwenye pochi na kusimama.

"Konda, shusha hapo mbele."

"Dada, tiketi yako ni ya Songea."

"Najua. Shusha."

Ofisi ya chama ni vyumba viwili na baraza. Mzee mmoja, ambaye ndiye katibu, alikuwa anafagia. Nilimsalimu, nikamwambia mimi ndiye waliyemwandikia barua. Aliniangalia, akaliangalia blanketi kwapani.

"Tulidhani huji. Wenye digrii huwa hawaji. Umeleta jibu?"

"Naomba kuona meza kwanza."

Ilikuwa ya mbao, mguu mmoja umewekewa kigae. Kiti kilitazama ukuta. Nilizunguka meza upande mmoja, nikazunguka upande wa pili, nikafungua droo, nikaifunga. Nikakigeuza kiti kitazame dirisha. Katibu aliegemea ufagio wake akasubiri.

Nikazunguka mara moja tena, nikakunja blanketi nikaliweka juu ya kiti, na nikakaa.